Wanawake wa Kilatina wanaosomea ualimu wa lugha mbili Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wazazi Waswahili wenye watoto katika shule za Marekani, na wasaidizi wa darasa kutoka Kongo wanaofanya kazi bega kwa bega na wanawake hawa, na pia wanafunzi wa ualimu wa kwetu wanaotaka kujua wenzao wanasomaje huko. Si lazima usome yote kwa mpangilio. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa.

## Mambo ya msingi

Mlatina mwenye lugha mbili anayesomea ualimu ni nani hasa?

Ni mwanamke anayeishi Marekani, ambaye ukoo wake unatoka katika nchi za bara la Amerika au visiwa vya Karibi zinakozungumzwa Kihispania, anayejua Kihispania na Kiingereza, na yuko masomoni akitafuta cheti cha kufundisha.

Jina ni moja, lakini watu ni wa namna nyingi. Yuko Mtejana wa San Antonio ambaye mababu zake walikuwa Texas tangu ilipokuwa Meksiko. Yuko binti wa Puerto Rico, raia wa Marekani tangu kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1917. Yuko aliyevushwa mpaka angali mtoto mchanga, na yuko mama mtu mzima aliyekuwa mwalimu kwao Honduras na sasa anaanza upya akifanya usafi maofisini usiku. Wengine hujiita Chicana (wenye asili ya Meksiko), wengine Boricua (wa Puerto Rico), wengine hutaja tu nchi ya wazazi wao. Njia nzuri ni kumwuliza mwenyewe, na usimwite Mmeksiko kwa kumkisia.

Kwa nini wanatafutwa sana?

Hesabu inajieleza. Katika mwaka wa masomo 2020–21, karibu asilimia 28 ya wanafunzi wa shule za umma za Marekani walikuwa wenye asili ya Kihispania, lakini walimu wa asili hiyo walikuwa kama asilimia 9 tu. Wanafunzi ambao bado wanajifunza Kiingereza ni zaidi ya milioni 5, na takriban robo tatu yao nyumbani wanazungumza Kihispania.

Sheria nayo inawahitaji. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyofunguliwa na familia za Kichina za San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba kumpa mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule hakutoshi ikiwa haelewi lugha inayotumika darasani. Mwaka 1981 kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard, kutoka mji mdogo wa Raymondville kusini mwa Texas, ikaongeza kwamba mpango wa kuwasaidia watoto hao lazima upewe nyenzo za kuuendesha, wakiwemo walimu waliofunzwa. Wilaya ya elimu isiyo na walimu hao haiwezi kusema imetimiza wajibu wake kwa sababu ina mpango mzuri kwenye karatasi.

Darasa la lugha mbili linaendeshwaje?

Kuna mitindo miwili mikubwa. Mmoja ni wa mpito: mtoto anaanza kwa Kihispania, kisha kinapunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka anabaki na Kiingereza peke yake. Wa pili unashika lugha zote mbili hadi mwisho wa shule ya msingi. Ndani ya huu wa pili utasikia walimu wakitaja "90/10", yaani chekechea inaanza na Kihispania asilimia 90 kisha Kiingereza kinaongezwa taratibu, au "50/50", nusu kwa nusu tangu siku ya kwanza.

Aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu ataelewa upesi kwa nini Kihispania hutangulia. Irabu zake ni tano kama zetu, na kila moja ina sauti yake popote inapokaa. Mtoto wa darasa la kwanza anashika ma, me, mi, mo, mu, anaingia kwenye mesa (meza) na mano (mkono), na anajiona msomaji. Baadaye mwalimu anapomwingiza kwenye Kiingereza, ambako herufi e na a zikikaa pamoja hutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika neno jingine, mtoto tayari anajua kusoma ni nini. Anachojifunza sasa ni mazoea ya lugha ya pili. Mwalimu mwanafunzi hufunzwa hasa namna ya kuvusha maarifa hayo: kipi kinahama chenyewe, na kipi lazima kifundishwe upya, kama ile h ambayo Kihispania huiandika bila kuitamka.

Anatofautianaje na mwalimu wa Kiingereza kwa wageni?

Mwalimu wa Kiingereza kwa wageni anafundisha Kiingereza, na halazimiki kuijua lugha ya mtoto. Mwalimu wa lugha mbili anafundisha hesabu, sayansi na kusoma kwa lugha ya mtoto yenyewe, kwa hiyo hupimwa umahiri wake katika lugha zote mbili. Wengi huchukua vyeti vyote viwili kwa sababu soko linawataka hivyo.

## Historia inayowafuata darasani

Ni kweli Kihispania kilipigwa marufuku shuleni?

Ni kweli. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilifanya kuwa kosa la jinai kwa mwalimu kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, na haikufutwa hadi 1969. Watoto waliosikika wakizungumza Kihispania, hata uwanjani wakati wa mapumziko, waliweza kuchapwa, kutozwa senti au kubakizwa baada ya masomo. Wasomaji wa Kenya na Uganda wanaokumbuka kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo hili si la kale kama linavyosikika. Bibi wa msichana aliye chuoni leo anaweza kuwa mmoja wa waliochapwa. Ndiyo maana katika familia nyingi za Texas bibi anazungumza Kihispania, mama anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza, na mjukuu analazimika kukirudia chuoni ili apate cheti cha kukifundisha. Wazazi waliamua kutowarithisha watoto lugha iliyowaletea wao viboko. Ukimkuta mwanafunzi wa ualimu mwenye jina la Kihispania anayeona haya kukizungumza mbele ya watu, kumbuka haya kabla ya kumhukumu.

Ni lini mambo yalibadilika?

Mwaka 1963 shule ya Coral Way, Miami, ilianzisha programu ya Kihispania na Kiingereza iliyowachanganya watoto wa wakimbizi wa Kuba na watoto wa Kimarekani. Mwaka 1968 Rais Lyndon B. Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Lugha Mbili, iliyopiganiwa na Seneta Ralph Yarborough wa Texas. Johnson mwenyewe akiwa kijana alifundisha watoto wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla mwaka 1928, na aliutaja mwaka huo mara nyingi maishani. Mwaka 1973 Texas ikapitisha sheria yake ya kuzitaka wilaya kutoa elimu ya lugha mbili pale wanafunzi wanapofika idadi iliyowekwa.

Kisha upepo uligeuka. Mwaka 1998 wapigakura wa California walipitisha Pendekezo 227 lililobana elimu ya lugha mbili karibu kuiua. Arizona ilifuata mwaka 2000 na Massachusetts 2002. California ilibatilisha uamuzi wake mwaka 2016 kwa Pendekezo 58, na Massachusetts ikalegeza mwaka 2017.

Hasara kubwa ya miaka ile 18 ya California ilikuwa kwenye mafunzo ya walimu. Vyuo vilifunga programu kwa kukosa wanafunzi, na waliokuwa na vyeti wakapelekwa madarasa ya Kiingereza. Marufuku iliondolewa kwa kura ya siku moja. Mwalimu hapatikani kwa siku moja.

Wale waliokuwa walimu nchini mwao, huanza upya kabisa?

Mara nyingi huanza karibu na mwanzo. Coral Way iliajiri wanawake waliokuwa walimu kamili Kuba lakini wakaingia darasani kama wasaidizi, kwa kuwa vyeti vyao havikutambuliwa Florida. Chuo Kikuu cha Miami kiliendesha mafunzo ya kuwawezesha kupata vyeti vya Marekani, na hao ndio waliokuja kuibeba programu.

Leo utaratibu ni kupeleka shahada yako kwa taasisi ya kutathmini vyeti vya nje. Wakisema inalingana na shahada ya kwanza ya Marekani, unaweza kuingia katika programu ya muda mfupi ya kupata cheti badala ya kusoma miaka minne tena. Wakisema ni diploma, utahitaji kuongeza masomo. Nakala za matokeo huchukua muda kupatikana, na kwa anayetoka nchi yenye machafuko huenda zisipatikane kabisa, kwa hiyo ni busara kuzifuatilia kabla ya kitu kingine chochote.

## Njia ya kufikia cheti

Hatua zenyewe ni zipi?

Kila jimbo lina kanuni zake, lakini mfuatano unafanana: shahada ya kwanza, kozi za ualimu, mazoezi ya kufundisha chini ya mwalimu mwenyeji, mitihani ya jimbo, na juu yake cheti cha nyongeza cha lugha mbili. Wengi huanzia chuo cha jamii cha miaka miwili, ambako ada ni nafuu, kisha huhamia chuo kikuu. Kabla ya kuhama, ulizia kwa maandishi ni kozi zipi zitakubaliwa huko uendako. Kozi iliyokataliwa ni ada iliyopotea.

Vyuo vikuu vinavyowapokea kwa wingi ni vile ambavyo angalau asilimia 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ni wenye asili ya Kihispania. Chuo Kikuu cha Texas cha Rio Grande Valley na kile cha El Paso, vyote vya mpakani, ni mifano inayojulikana.

Msaidizi wa darasa anaweza kuwa mwalimu?

Anaweza, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote. Pita katika shule yoyote yenye watoto wengi wa Kilatina utawakuta wanawake hawa: wanaketi na kikundi cha watoto watano kwenye meza ya nusu duara wakiwasomesha, wanawatafsiria wazazi ofisini, wanajua ni mtoto gani alilala bila kula. Karibu kazi yote ya ualimu wanaifanya. Hawana cheti, na mshahara wao ni wa saa.

Sheria ya elimu iliyoanza mwaka 2002 iliwataka wasaidizi wa shule zinazopata fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto maskini wawe na miaka miwili ya chuo au wafaulu mtihani. Kwa wengine ilikuwa kikwazo, kwa wengine ikawa ngazi ya kwanza: ukishakuwa na miaka miwili, mbona usimalize minne?

Mfano mzuri ni mtaa wa Logan Square, Chicago. Mwaka 1995 jumuiya ya wakazi ilianza kuwaleta akina mama madarasani saa mbili kwa siku kwa posho ndogo, wawasaidie walimu na wajifunze shule inavyoendeshwa. Wengi wao walikuwa wahamiaji wa Kilatina waliokuwa wakikaa nyumbani. Baada ya muda wakaanza kuuliza namna ya kuwa walimu wenyewe. Mwaka 2000, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo cha Chicago, ikazaliwa programu ya Nueva Generación, yaani Kizazi Kipya. Chuo kilikuwa mbali, upande wa kusini wa jiji, basi wahadhiri ndio waliokuja mtaani. Masomo yalifanyika jioni katika shule ya jirani, na watoto walitunzwa palepale mama zao wakisoma. Safari ilikuwa ndefu, kwa sababu mtu anayesoma kozi moja au mbili kwa muhula hamalizi shahada kwa miaka minne. Lakini jimbo la Illinois lilivutiwa kiasi cha kupitisha mwaka 2004 sheria ya kuwalea walimu kutoka ndani ya jamii zao.

California nayo imekuwa na programu za kuwasomesha wafanyakazi wa shule tangu miaka ya 1990, na mwaka 2022 Tennessee ilikuwa ya kwanza kusajili ualimu na serikali kuu kama uanagenzi unaolipwa, mtu akijifunza huku akipokea mshahara.

Nisisitize jambo moja. Programu hizi zikifaulu, zinafaulu kwa sababu zimeshughulikia vitu vidogo: mahali pa kuacha mtoto, basi la jioni, mtu wa kukaa naye kupitia hesabu aliyoisahau. Programu inayotoa ada tu na kuyaacha hayo huwapoteza njiani.

Mitihani ni ipi?

Majina hutofautiana. Texas ina mfululizo wa mitihani ya jimbo, ukiwemo mmoja wa mbinu za kufundisha kusoma uliotakiwa kuanzia 2021, na mtihani wa umahiri wa Kihispania unaoitwa kwa kifupi BTLPT. California ina cheti cha nyongeza cha lugha mbili ambacho hupatikana kwa mtihani au kupitia kozi zilizoidhinishwa. New York ina mtihani wake wa elimu ya lugha mbili.

Kila mtihani unalipiwa, na ukirudia unalipa tena. Kwa msaidizi wa darasa, ada ya mtihani mmoja inaweza kuwa mshahara wa siku nzima au zaidi.

Inakuwaje aliyelelewa kwa Kihispania afeli mtihani wa Kihispania?

Huulizwa kwa mshangao, ila sababu ziko wazi. Mtihani wa Texas humtaka mtahiniwa asikilize, asome, aongee kwa kurekodiwa na aandike. Ataandaa somo kwa Kihispania, atamwandikia mzazi barua rasmi, atatoa hoja na kuitetea. Sasa fikiria msichana aliyezungumza Kihispania jikoni na kanisani, lakini tangu darasa la kwanza akasomeshwa kwa Kiingereza. Anaweza kukusimulia kifo cha babu yake kwa Kihispania fasaha hadi ukalia. Mwambie aeleze denominador común, yaani asili ya pamoja ya sehemu katika hesabu, atatafuta maneno. Hakuwahi kufundishwa hesabu kwa lugha hiyo. Alama za mkazo juu ya irabu nazo humchanganya, na pia kuchagua kati ya b na v, ambazo hutamkwa sawasawa.

Kisha kuna suala la Kihispania cha nani. Kusini mwa Texas watu husema troca kwa gari la mizigo na lonche kwa chakula cha mchana, na wazee wengi hutumia kitenzi cha umbo la kale, haiga, pale vitabu vinapoandika haya. Msahihishaji anaweza kuyaona hayo kuwa makosa. Mwanafunzi aliyekemewa Kihispania chake utotoni kwa kuwa si Kiingereza, anakemewa tena ukubwani kwa kuwa si cha vitabuni. Hili linaumiza, na wengi huacha programu ya lugha mbili na kuhamia ualimu wa kawaida kwa sababu hiyo tu, wala si kwa kukosa uwezo.

Vyuo vilivyolielewa jambo hili hufundisha kozi za elimu zenyewe kwa Kihispania: saikolojia ya mtoto, mbinu za sayansi, tathmini. Mwanafunzi anapata msamiati wa kitaaluma akiwa kazini nao. Kozi ya sarufi peke yake haimfikishi.

Kuchanganya Kihispania na Kiingereza darasani ni kosa?

Zamani wakufunzi walisema lugha zitenganishwe kabisa, asubuhi hii, mchana ile. Siku hizi wengi, wakifuata kazi za wasomi kama Ofelia García, mzaliwa wa Kuba aliyefundisha New York, wanakubali kwamba mwenye lugha mbili hutumia hazina moja kichwani, na mtoto aruhusiwe kuitumia yote ili aelewe. Hata hivyo mwalimu anahitaji muda uliolindwa wa Kihispania. Bila ulinzi huo Kiingereza hukimeza, kwa kuwa ndicho chenye heshima kwenye televisheni, kwenye mtihani na uwanjani. Aliyefundisha Kiswahili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza anajua hili vizuri.

## Fedha na familia

Mazoezi ya kufundisha yanalipwa?

Kwa kawaida hayalipwi, na hapa ndipo wengi hukwama. Muhula mzima mwanafunzi anaripoti shuleni asubuhi kama mwalimu, anaondoka na walimu, usiku anaandaa masomo. Wakati huohuo analipia ada ya muhula huo. Aliye msaidizi wa darasa huenda akalazimika kuacha kazi yake, pamoja na bima ya afya, ili akafanye bure katika shule nyingine kazi anayolipwa kuifanya katika shule yake. Mwenye watoto na kodi ya nyumba afanyeje?

Kabla ya kujiandikisha uliza maswali mawili: je, mazoezi naweza kuyafanya katika shule ninayofanyia kazi? Je, wilaya ina ukaazi wa walimu unaolipwa, yaani mwaka mzima chini ya mwalimu mwenyeji kwa posho au mshahara? Wilaya kadhaa zinautoa sasa. Kama majibu yote ni hapana, tafuta programu nyingine kama ipo karibu.

Kuna msaada gani wa ada?

Ruzuku ya Pell ya serikali kuu hutolewa kwa wenye kipato kidogo na hairudishwi. Ruzuku ya TEACH hutoa hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa anayesomea somo lenye uhaba, na elimu ya lugha mbili ni mojawapo. Isome mikataba yake kwa makini: lazima ufundishe miaka minne ndani ya miaka minane katika shule ya watoto wa kipato cha chini, na upeleke uthibitisho kila mwaka. Ukishindwa, ruzuku yote inageuka kuwa mkopo wenye riba inayohesabiwa tangu siku ulipopewa. Hifadhi nakala ya kila karatasi unayotuma.

Majimbo na wilaya pia yana fedha zao. Ukishaajiriwa, wilaya nyingi huongeza posho ya lugha mbili juu ya mshahara.

Familia huwa zinasemaje?

Kwa walio wengi, familia ndiyo nguzo. Mama anabaki na wajukuu, shangazi anapika, mume anabadili zamu. Lakini binti mkubwa wa nyumba pia ndiye mkalimani wa hospitali, mjaza fomu na mlezi wa wadogo. Akisema ana mtihani kesho, si kila mtu anaelewa kwamba hata kukaa kimya na kitabu ni kazi. Baadhi ya vyuo huwaalika wazazi kwenye siku ya utambulisho na kuwaeleza kwa Kihispania ratiba ya miaka minne, hasa ule muhula wa mazoezi. Ni jambo dogo linalozuia ugomvi mwingi.

## Hali za pekee

Asiye na hati za ukaazi anaweza kusomea ualimu?

Kusoma anaweza, kwani majimbo mengi hayamzuii kuingia chuoni. Tatizo ni ada na ajira. Ruzuku za serikali kuu hazimhusu. California humruhusu alipe ada ya mkazi na kuomba msaada wa jimbo. Texas ilikuwa ya kwanza kuruhusu ada ya mkazi mwaka 2001, lakini Juni 2025 mahakama ya shirikisho iliizuia sheria hiyo baada ya serikali kuu kushtaki.

Kuhusu ajira, mpango wa DACA uliotangazwa Juni 2012, wa kuwakinga na kufukuzwa nchini walioletwa Marekani wakiwa watoto, uliwapa maelfu ya vijana kibali cha kazi cha miaka miwili kinachohuishwa, na wengi wakawa walimu. Lakini unawahusu tu walioingia nchini kabla ya Juni 2007, na maombi mapya yamekwama tangu hukumu ya mwaka 2021. Hivyo wengi walio chuoni leo wako nje yake, hata kama wameishi Marekani maisha yao yote wanayoyakumbuka. Cheti cha ualimu si kibali cha kazi. Mwenye hali hii aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kuchagua programu, na asitegemee ushauri wa vijiweni.

Je, Mlatina asiyejua Kihispania vizuri aachane na lugha mbili?

Hapana, ila ajipe muda. Kozi za Kihispania kwa waliorithi lugha nyumbani ni tofauti na zile za wageni, nazo zinaanzia pale alipo. Anaweza pia kuanza na cheti cha kawaida kisha kuongeza cha lugha mbili baadaye. Kuhusu haya ya kukizungumza, rejea swali la marufuku ya Kihispania.

Na mtoto wa Gwatemala ambaye nyumbani hawazungumzi Kihispania?

Swali hili lingeulizwa zaidi ingefaa. Watoto wengi kutoka nyanda za juu za Gwatemala lugha yao ya kwanza ni Mam, K'iche' au nyingine ya Kimaya. Shule huwaandika kuwa wa Kihispania, na mwalimu wa Kilatina mwenye nia njema anashangaa mbona hawaelewi. Kwao Kihispania ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Programu nzuri humfundisha mwalimu mwanafunzi kumwuliza mzazi lugha ya nyumbani kwa jina.

Mabadiliko ya mwaka 2025 yameziathiri programu hizi?

Ndiyo. Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilifuta ruzuku nyingi za programu mbili kubwa za kuwaandaa walimu, na Aprili Mahakama Kuu iliruhusu zibaki zimesitishwa wakati kesi ikiendelea. Wapo walioambiwa katikati ya mwaka wa masomo kwamba posho imekatika. Machi 2025 ilitoka pia amri ya rais ya kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Amri hiyo haikufuta hukumu ya Lau wala sheria za majimbo, kwa hiyo wilaya bado zinawajibika kwa watoto hawa. Anayejiunga sasa aulize chuo fedha za programu zinatoka wapi na zimehakikishwa hadi lini.

Msemaji wa Kiswahili aliye Marekani anaweza kupita njia hii?

Njia ya msaidizi wa darasa, ndiyo, kama ilivyoelezwa hapo juu. Wilaya zilizopokea wakimbizi wa Kongo zinahitaji sana watu wanaoweza kumweleza mzazi ripoti ya mtoto kwa Kiswahili, na ukishaingia shuleni unaweza kuomba programu zilezile za kusomeshwa. Tofauti ni kwamba madarasa kamili ya Kiswahili na Kiingereza ni haba mno, kwa hiyo lenga cheti cha darasa la msingi pamoja na kile cha Kiingereza kwa wageni. Nenda ofisi ya rasilimali watu ya wilaya yako, uliza kama wana mpango wa kuwasomesha wasaidizi, na ukutane na mwenzako wa Kilatina aliye mwaka wa tatu au wa nne. Atakuonyesha fomu zipi za kuanza nazo.